Tulivyolala Ngomeni kwa Ajili ya Posa ya Nasim

Kenton, London
Jumapili, baada ya alasiri

Mdogo wangu mpenzi Mariamu,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote waliomo nyumbani. Mimi ni mzima, ila nina kikohozi cha msimu huu, ambacho huku kila mtu anacho na hakuna anayekihesabu kuwa ugonjwa. Goti lako je? Uliniandikia kwamba sasa unapanda ngazi za darini kwa vituo, ukipumzika katikati kama mchukuzi. Usilifanyie ukaidi. Mwambie Rehema akuhamishie kitanda chini, na huko juu wakae wenye magoti.

Mwanao Nasim ni mzima na anakuamkia. Wiki hii yuko zamu ya usiku hospitali, kwa hiyo mchana analala nami natembea humu ndani kama mwizi nisimwamshe. Atakuandikia mwenyewe. Usikasirike barua zake zikiwa fupi. Nakuandikia kwa Kiswahili kama siku zote, maana Kikachi chetu, lugha ya wazee wetu kutoka Bara Hindi, ni cha kusemwa tu, na Kiingereza ukimwandikia dada yako ni sawa na kumpokea sebuleni badala ya jikoni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Posa ya Nasim imekaa bila jibu muda mrefu, na upande wa waposaji wanaona tunajivuta. Sikulaumu. Katika barua yako uliniuliza swali moja tu: huyo Iqbal anaweza kumwambia baba yake hapana? Hukuuliza elimu yake wala nyumba yao, na najua kwa nini. Rehema wetu aliolewa na mtu mpole, msomi, mwenye sala zake, ambaye mbele ya mama yake hakuwa na ulimi, na mwisho ulimpokea mwanao mlangoni na sanduku lake. Hutaki kupokea sanduku la pili. Ukaniachia mimi nitazame na niseme, nawe utafuata neno langu. Ni mzigo mzito, Mariamu, lakini nimeubeba, na leo nautua.

Kwanza nikueleze hawa watu, maana umewajua kwa picha tu. Haji Karim ni mtu wa Kampala. Walipofukuzwa Uganda alifika hapa na mkewe, Bi Sakina, na huyu kijana wao mmoja, Iqbal, wakiwa na nguo walizovaa kwa tabaka, shati juu ya shati. Leo ana duka la mashuka na mapazia hapa Kenton na jingine Kilburn. Ni mkarimu, ana sauti kubwa, na hapendi kusikia neno likirudi kwake. Iqbal ni mpimaji wa macho. Ni mrefu, mwembamba, husikiliza sana na husema kidogo, na hapo ndipo shaka yangu ilipokuwa. Kunyamaza kuna sababu nyingi, na kwa nje zote hufanana.

Baba yetu alikuwa akisema humjui mtu mpaka usafiri naye, ule naye, na ulale naye chini ya dari moja. Nikawa natafuta njia ya kuyapata hayo matatu bila kuonekana napeleleza. Haji Karim akanirahisishia. Alikuja jioni moja akasimama hapa mlangoni.

"Mwalimu," akasema (huku nako wananiita hivyo, ingawa sina darasa), "mtoto wa watu hatuwezi kumwalika kwa chai na biskuti. Nimeweka vyumba kwenye ngome. Ngome ya kweli! Iko na minara, iko na handaki. Tutakula na kulala huko, sisi na nyinyi."

Ukisikia ngome usifikirie ile yetu ya Mombasa, iliyojengwa na wageni kulinda bandari. Huku kila bwana mkubwa wa zamani, lodi kama wamwitavyo, alijijengea yake, kujilinda na jirani yake tu. Kuta zake ni nene kiasi kwamba dirisha ni kama shimo refu, ukitaka kutazama nje lazima uingize kichwa. Baadaye vita vya majirani vikaisha, wajukuu wakabaki na mapaa yanayovuja na vyumba visivyopashika moto, na wengi wakaona afadhali waziuze au wazigeuze hoteli. Kwa hiyo sasa mahali ambapo adui alishindwa kuingia kwa ngazi na mizinga, wewe unaingia na mkoba wako, na mtu anakufungulia mlango.

Tulikwenda kwa gari la Haji, Iqbal akiendesha. Bi Sakina alikuwa na kapu miguuni, na harufu ikamsaliti kabla hatujatoka London.

"Sakina! Tunakwenda kula kwa lodi, wewe unabeba kababu?"

"Lodi hajui halali," akasema Bi Sakina, na kapu hakulisogeza.

Njiani Haji alizungumza mfululizo. Alionyesha mashamba, alieleza bei za mashuka, kisha, bila kugeuza kichwa, akasema, "Nasim, binti yangu, hii kazi ya usiku ni ya taabu. Ukija kwetu utapumzika. Kwetu bibi-arusi hatumtoi nyumbani usiku. Utakaa na mama, dukani mtasaidiana." Alisema kwa upendo, sina shaka. Alikuwa anampa zawadi. Nasim akasema, "Inshallah, Baba," kama ulivyomlea, akageukia dirisha. Nikamtazama Iqbal kwenye kile kioo cha dereva. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na macho barabarani. Akabadilisha gia, akaendelea. Nikajisemea moyoni, Mariamu, huyu ni yule yule wa Rehema.

Tulifika mchana umeanza kuchoka. Tulipewa vyumba vitatu: chumba kikubwa cha Haji, kimoja cha Bi Sakina na Nasim pamoja, na kimoja changu na Iqbal. Mambo yalipangwa kwa heshima, sina la kulaumu. Ngazi zao ni za mawe, zinazunguka kama konokono, na zote zinapinda kulia ukipanda. Husemwa kwamba walifanya makusudi, ili adui anayepanda, nguzo ya katikati imzuie mkono wake wa upanga, na anayeteremka awe na nafasi. Sina hakika kama ni kweli, ila goti lako lingekuwa adui wa kwanza kushindwa.

Vijana waliomba ruhusa watembee bustanini. Niliwafuata kwa mbali, kama inavyotakiwa, nikisimama kila penye kibao cha maelezo, na vibao ni vingi. Waliporudi Nasim alinisogelea.

"Mjomba, nimemuuliza waziwazi. Nimemwambia kazi siachi."

"Kasemaje?"

"Kasema ni haki yangu, na atazungumza na baba yake."

"Lini?"

Akacheka kwa pua, kile kicheko cha marehemu mama yetu. "Nami nilimuuliza hivyo hivyo."

Basi likaingia giza, ambalo msimu huu huingia mapema sana, tukakusanyika chumbani kwa Haji tusali Magharibi. Kina zulia zuri, jekundu, na kitanda cha nguzo nne chenye mapazia, ambacho Haji alikigusagusa kitambaa chake akasema yeye anacho bora dukani. Mimi ndiye niliyetangulia kuvua viatu. Nilivua nje, kizingitini, nikavipanga ukutani, na wengine wakapanga vyao karibu na vyangu kama tufanyavyo nyumba yoyote. Iqbal alikuja na dira, akatutafutia kibla, kikawa upande wa kabati. Baada ya sala tulikaa pale pale chini, Bi Sakina akafungua kapu, tukanywa chai ya chupa na kababu mbili mbili, Haji naye akala, tena zaidi ya wote. Tukangoja Isha, tukaisali pamoja. Mara upatu ukapigwa chini, maana pale chakula hakitangazwi kwa kengele.

Tukafungua mlango. Viatu havipo. Hata kimoja.

Sasa nikueleze, maana wewe kama sisi hungejua. Katika hoteli za zamani za nchi hii, mgeni anayetaka viatu vyake ving'arishwe huviweka nje ya mlango wa chumba chake. Mhudumu hupita, huvichukua, na asubuhi mgeni hurudishiwa vikiwa vinameta. Hoteli nyingi zimeliacha jambo hilo. Hii imelishikilia, kwa kuwa uzee ndiyo biashara yake. Mzee mmoja wa mizigo alikuwa amepita na kapu, akaona jozi tano mlango mmoja, za kiume na za kike, akazichukua zote.

Hatukujua hayo bado. Haji Karim alisimama pale koridoni kwa soksi, mkono kiunoni. "Wameiba! Ngome nzima, walinzi, minara, na wameiba viatu!"

"Wana miguu mingi kiasi gani?" akauliza Bi Sakina.

Nasim akasema, "Mimi nina ndara za kutawadhia. Mama Sakina naye anazo. Tunaweza kuteremka sisi, tukaulize."

"Uingie ukumbi wa lodi na ndara za choo?" Haji akapaza. "Watu watasema nini? Tena wewe usiende popote. Wewe nesi, unajua maneno yao, piga simu, waambie wapande."

Iqbal hakungoja simu. Alikuwa ameshaanza kuteremka kwa soksi, taratibu, maana mawe yale yanateleza. Nikamfuata nikishika ukuta. Nyuma yetu nikasikia Haji akija, na nyuma yake ndara za wanawake, pa, pa, pa.

Hapo mapokezi meneja, mtu mrefu mwenye ua kwenye koti, alisikiliza, akamwita yule mzee. Mzee wa watu alikuja na kiwi kwenye vidole. Sikio lake moja ni zito, ikabidi aulizwe mara mbili. Akaeleza kama nilivyokueleza. Viatu viko chini, vyote vimeshapakwa, bado vimelowa, asubuhi vitakuwa tayari pamoja na chai. Aliongeza, kwa kujivuna kidogo, kwamba vile vya bibi mdogo vilikuwa vimechanika mshono akavishona.

Meneja akawa mwekundu. Akamwambia mbele yetu kwamba jozi tano za watu mbalimbali mlango mmoja zingempasa abishe hodi, kwamba alishaonywa kuhusu usikivu wake, na kwamba kesho asije. Kisha akatugeukia akituinamia, ili tuone tumefanyiwa haki.

Haji akasema, "Ndivyo. Mtu kama huyu afukuzwe."

"Hapana, Baba," akasema Iqbal.

Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa sukari. Nadhani Haji hakuamini kuwa ameambiwa yeye.

"Nini?"

"Hapana." Halafu akamgeukia meneja kwa Kiingereza chake kizuri. "Sisi tukiingia ndani tunavua viatu. Tuliviweka nje kwa mila yetu, naye akavichukua kwa mila yenu. Hakuna aliyekosa hapa. Kama anafukuzwa kwa hili, sisi hatuli."

"Sisi nani?" akauliza Haji.

"Mimi, Baba. Wewe ukitaka kula, kula."

"Nyamaza. Anayezungumza hapa ni mimi."

"Nakuheshimu, Baba, lakini kwa hili sinyamazi."

Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake. Kila alipomaliza neno alinisogelea kidogo, mpaka bega lake likanigusa. Nakuandikia hilo usije ukamdhania simba. Aliogopa, na alikuwa anasema huku akiogopa. Meneja alitutazama mmoja mmoja, pengine akipima hasara ya meza ya watu watano, akasema basi, tuyaache, mzee aendelee na kazi yake. Mzee hakusikia vizuri, ikabidi Nasim amwinamie sikio lile zima amweleze. Akashukuru, akarudi chini kwenye viatu vyetu.

Tukaingia ukumbini, wanaume kwa soksi, wanawake kwa ndara. Ni ukumbi mrefu wenye dari ya magogo meusi, mishumaa mezani, na mavazi ya chuma ya askari wa kale yamesimamishwa pembeni kama wageni waliokosa viti. Waingereza wana adabu moja ninayoipenda: wakiona ajabu hutazama sahani zao. Kwa hiyo tulipita ukumbi mzima, na watu wote wakawa wanachunguza sahani.

Chakula chenyewe nitakieleza kwa ufupi. Visu na uma hupangwa vingi kila upande, nawe huanza na vya nje ukija ndani, hakuna uchawi. Kwanza ni supu ya mboga, kisha samaki wa mtoni aliyeletwa na kichwa chake, akikutazama. Sote tuliagiza samaki, kwa sababu ya halali. Alikuwa laini na hakuwa na ladha yoyote, maana chumvi huku huachiwa mlaji. Kitindamlo kilikuwa kimelowekwa kwenye mvinyo. Nasim aliuliza kabla hatujagusa, tukaletewa matufaha.

Lakini nirudi kwenye supu. Haji tangu tukae alikuwa akinyoosha kitambaa cha meza kwa vidole. Alikuwa anatafuta pa kusimama tena, nami nilimwonea huruma, kwa kuwa mtu aliyeanza upya ugenini hushika sana yale machache ambayo bado yanamtii. Akachagua vibaya. Akamwambia Nasim, "Unaona, binti yangu, kazi za watu zilivyo? Wanakusimamisha, wanakufukuza. Ndiyo nasema, ukija kwetu hospitali basi."

Iqbal akaweka kijiko. "Baba, hilo tumelizungumza mimi na Nasim. Ataendelea na kazi yake, zamu za usiku na za mchana."

"Mlizungumza lini?"

"Leo, bustanini."

"Na mimi nikawa wapi?"

"Ulikuwa unapima mapazia," akasema Bi Sakina. "Karim, supu inapoa."

Masikio ya Iqbal yalikuwa mekundu kama zulia la juu. Nasim alikuwa anatazama sahani yake kama Mwingereza, lakini mimi nimemlea miaka hii yote hapa, najua anapozuia tabasamu.

Nilingoja kiti kirudishwe nyuma kwa kishindo. Hata hivyo hakuna aliyeinuka, na hilo nalo nililiweka akilini. Kuna nyumba ambamo neno moja kama lile lingevunja sahani. Pale Haji alikula supu yake, akala samaki wake, mwisho akaomba chumvi, na aliyemsogezea ni Iqbal.

Asubuhi niliteremka mapema, viatu vyangu vikiwa vinameta kuliko siku nilipovinunua. Haji alikuwa peke yake mezani, chai mbele yake, anakoroga bila kunywa. Akanionyesha kiti.

"Mwalimu. Jana kijana wangu alinijibu mbele ya watu. Uliona?"

"Niliona."

"Mara mbili."

"Mara mbili, ndiyo."

Akakoroga tena. Sauti yake kubwa ilikuwa imemtoka, nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba huyu ni mzee kama mimi. "Nimemwambia Sakina, arusi imetupotea. Mwalimu ataandika Mombasa, atamwambia dada yake kijana wetu hana adabu, anapinga baba yake mezani. Mimi mwenyewe ningekuwa na binti, nisingempa mtu kama huyo."

Mariamu, ilinibidi nitazame chai yangu. Nikamwambia nitaandika nilichokiona, si zaidi wala pungufu.

"Andika," akasema. "Lakini andika na hili pia, nakuomba kama ndugu. Si tabia yake. Tangu azaliwe hajawahi. Jana ilikuwa mara ya kwanza."

Basi nimeandika kama alivyoniomba. Ilikuwa mara ya kwanza, na alianza kwa ajili ya mzee asiyemjua, akamalizia kwa ajili ya mwanao. Swali lako nimelijibu kadiri ya macho yangu. Sikuahidi kwamba hatanyamaza tena. Wote tunanyamaza mahali. Pia nimemuuliza Nasim, maana neno lako na langu bila lake si kitu. Amesema, "Mwambie Mama namtaka, na nilimtaka hata kabla ya supu." Mpe, Mariamu.

Nisalimie Rehema, umwambie mjomba wake anamkumbuka kila sala. Mnisalimie shemeji, mumeo, na mwambie miwani yake ailete atakapokuja arusini, sasa tuna wa kuipima bure. Msalimie shangazi yetu Zulekha na wanawe, na mama mkwe wako, na wajukuu wote kwa majina yao.

Tafadhali jibu upesi. Haji Karim hupita hapa kila jioni akitoka dukani, anauliza tu kama posta imekuja kutoka Mombasa, kisha anasema hewa ni mbaya na kwenda zake. Anaamini mtakataa. Ningeweza kumtuliza kwa neno moja, lakini jibu ni lako kulitoa, si langu. Na zaidi ya hayo, siku hizi akizungumza na mwanawe, humwacha amalize.

Nakuombea afya na goti jepesi.

Kaka yako akupendaye,
Hassan